Statler Brothers, Oak Ridge Boys au Alabama: uanze na kundi gani la kantri?

Wapenzi wengi wa kantri Afrika Mashariki, Kenya hasa, wamekulia kwa waimbaji wa peke yao: Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers, Dolly Parton. Makundi huwafikia kwa bahati tu, wimbo mmoja redioni, mwingine kwenye gari la rafiki, na mara nyingi hata jina la kundi halitajwi. Ukiamua kuyafuata kwa dhati, matatu yatakujia mapema: The Statler Brothers, The Oak Ridge Boys na Alabama. Yote yamo kwenye Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri kule Nashville. Alabama waliingizwa 2005, Statler 2008, Oak Ridge 2015. Kwa hiyo kuuliza nani bora hakutakufikisha mbali. Afadhali uulize lipi linakufaa wewe, na mimi naamini jibu linaanzia mahali ambapo wasikilizaji wengi hawatupi jicho: jina la mtunzi, lile linaloandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la wimbo.

Nitayapima makundi haya kwa mambo manne. Kwanza kalamu, yaani nani aliyeandika vibao vyao. Pili, namna sauti zilivyopangwa. Tatu, wanachokisimulia, na kama kinamfikia msikilizaji ambaye hakukulia Marekani. Nne, pa kuanzia kusikiliza. Jambo la kwanza nitakaa nalo zaidi, kwa sababu mengine yote yanatokana nalo.

Kalamu ni ya nani

Statler Brothers walijiandikia wenyewe. Walitoka Staunton, mji mdogo wa Virginia, na licha ya jina lao, ndugu wa damu walikuwa wawili tu, Harold Reid na Don Reid. Phil Balsley na Lew DeWitt walikuwa rafiki zao, na hilo jina Statler walilitoa kwenye boksi la tishu waliloliona chumbani hotelini. Kibao kilichowatoa, "Flowers on the Wall" cha 1965, ni cha Lew DeWitt. Kilifika nafasi ya 2 kwenye chati ya kantri ya Billboard, jarida la muziki la Marekani, na ya 4 kwenye chati ya jumla, ile ya nyimbo za aina zote, wakati wao bado wanazunguka na Johnny Cash kama waimbaji wa kumsindikiza. Baada ya hapo kalamu ikashikwa na akina Reid: Harold akaandika "Bed of Rose's" ya 1970, Don akaandika "I'll Go to My Grave Loving You" ya 1975, na kwa pamoja wakaandika "The Class of '57" ya 1972. Hata wimbo wao wa kwanza kushika namba moja, "Do You Know You Are My Sunshine" wa 1978, ulitoka kwa ndugu hao wawili.

Halafu likatokea jambo ambalo bado linanistaajabisha. DeWitt alikuwa akiugua ugonjwa wa Crohn, unaoshambulia utumbo, na mwaka 1982 ikabidi akae pembeni. Yeye mwenyewe ndiye aliyempendekeza Jimmy Fortune ashike nafasi yake. Fortune aliitwa kuziba pengo la sauti ya tena, yaani sauti ya juu ya kiume, lakini akaja na kalamu yake. "Elizabeth", "My Only Love" na "Too Much on My Heart" zote ni zake, na zote zilishika namba moja katika miaka ya 1984 na 1985. Statler walipata namba moja nne tu katika maisha yote ya kundi. Tatu kati ya hizo ziliandikwa na mtu aliyeingia mwisho.

Oak Ridge Boys ni kinyume kabisa. Kipaji chao kilikuwa kuchagua. Walikuwa kundi la injili lenye mizizi Oak Ridge, Tennessee, tangu miaka ya 1940, na walipovuka kwenda kwenye kantri mwaka 1977, prodyuza wao Ron Chancey pamoja na wao wenyewe wakawa wanapitia nyimbo za watunzi wa Nashville na kutafuta zinazowakaa mdomoni. "Y'all Come Back Saloon", uliowafungulia mlango, ni wa Sharon Vaughn. "I'll Be True to You", namba moja yao ya kwanza mwaka 1978, ni wa Alan Rhody. "Trying to Love Two Women" ni wa Sonny Throckmorton. "Leaving Louisiana in the Broad Daylight" ni wa Rodney Crowell na Donivan Cowart, na Emmylou Harris alikuwa amekwisha kuurekodi kabla yao. "Thank God for Kids" ni wa Eddy Raven, ambaye naye alikuwa mwimbaji mwenye jina lake.

"Elvira" unastahili aya yake. Dallas Frazier aliuandika na kuurekodi mwenyewe mwaka 1966, baada ya kuliona jina hilo kwenye kibao cha barabarani, jina la mtaa mmoja wa Nashville, na haukufika mbali. Kenny Rogers na kundi lake la First Edition wakaujaribu. Rodney Crowell akaujaribu. Miaka 15 baada ya kuandikwa, Oak Ridge Boys wakauchukua, na mwaka 1981 ukashika namba moja ya kantri, ukapanda hadi namba 5 kwenye chati ya jumla, ukauza zaidi ya nakala milioni moja na kuwapa Grammy. Maneno yalikuwa yaleyale na mahadhi yaleyale. Kilichoongezeka ni sauti ya besi ya Richard Sterban, mmoja wa waimbaji wao wanne, na hapo ndipo unapoelewa kwamba kuchagua wimbo nako ni sanaa, maana wengine walikuwa nao mkononi na hawakuona kilichokuwa ndani yake.

Alabama wamesimama katikati. Hawa ni binamu kutoka Fort Payne, jimbo la Alabama: Randy Owen na Teddy Gentry, pamoja na Jeff Cook, ndugu yao wa mbali, baadaye akaongezeka mpiga ngoma Mark Herndon. Kuanzia 1973 walipiga muziki majira ya joto katika baa ya The Bowery, Myrtle Beach, South Carolina, wakilipwa kwa bakshishi za wateja, hadi walipopata mkataba na kampuni ya kurekodi ya RCA mwaka 1980. Nyimbo zinazohusu kwao na mioyo yao waliziandika wenyewe: Owen aliandika "Tennessee River", "Feels So Right", "Mountain Music" na "Lady Down on Love", na yeye na Gentry wakaandika "My Home's in Alabama". Lakini orodha ya waliowaandikia ni ndefu vilevile. "Dixieland Delight" ni wa Ronnie Rogers. "Roll On" ni wa Dave Loggins. "Take Me Down" na "The Closer You Get" zilitoka kwa J.P. Pennington na Mark Gray wa bendi ya Exile. Nyimbo zao zilizoshika namba moja kwenye chati ya kantri ya Billboard zinapita 30, na idadi hiyo isingefikiwa kwa kalamu ya mtu mmoja.

Ukiwa mpenzi wa Don Williams au Kenny Rogers, kuna mlango uko wazi kwako hapa. "Song of the South" wa Alabama uliandikwa na Bob McDill, yuleyule aliyemwandikia Don Williams "Amanda" na "Good Ole Boys Like Me". "40 Hour Week" uliandikwa na Dave Loggins, Lisa Silver na Don Schlitz, na huyo Schlitz ndiye mwenye "The Gambler" uliomtambulisha Kenny Rogers hadi vijijini kwetu. Naye Randy VanWarmer anayaunganisha makundi mawili: Oak Ridge waliimba "I Guess It Never Hurts to Hurt Sometimes" wa kwake mwaka 1984, na Alabama wakaimba "I'm in a Hurry" mwaka 1992, alioutunga na Roger Murrah. Ukimfuata mtunzi badala ya mwimbaji, unagundua kwamba kumbe ulikuwa unawajua watu hawa siku nyingi.

Sauti zimepangwaje

Yeyote aliyewahi kuimba kwaya atawaelewa Statler mara moja. Ni sauti nne zinazosikika moja moja: Don anaongoza, Phil anakaa kwenye baritoni, DeWitt na baadaye Fortune wanashika sauti ya tena, Harold anashusha besi. Walianza kuimba kanisani, na hawakuuacha mpangilio ule. Ala ziko nyuma, kwa adabu, zisiyafunike maneno. Sikiliza "Elizabeth" kwa spika nzuri: Fortune anaongoza huku wenzake watatu wakiingia chini yake, na ukitega sikio unaweza kuifuata sauti yoyote kati ya hizo nne kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Oak Ridge nao wana sauti nne, ila zina nguvu zaidi na kila mmoja anapewa zamu ya mbele. Duane Allen ndiye aliyeongoza mara nyingi. Joe Bonsall, mwimbaji wao wa sauti ya tena aliyefariki 2024, ndiye anayeimba beti za "Elvira". William Lee Golden, yule mwenye ndevu ndefu, anaongoza "Thank God for Kids". Sterban, ambaye kabla ya hapo alikuwa kwenye kundi lililomsindikiza Elvis Presley, anaongoza "Dream On", na ni nadra kusikia besi ikibeba wimbo mzima wa mapenzi kwa upole namna ile. Kwenye "Elvira" wenzake wote wananyamaza, anabaki yeye na ile mistari isiyo na maana yoyote ila mlio, inashuka ngazi kwa ngazi hadi pale ambapo wengi wetu koo zinakwama. Kisha sauti zote zinarudi kwa mpigo mmoja.

Alabama ni bendi kabla ya kuwa kundi la sauti. Owen anaongoza karibu wakati wote, Gentry na Cook wanaitikia, na gitaa, besi ya umeme na fidla vina kazi kubwa sawa na midomo. Mwisho wa "Mountain Music" fidla inakimbia hadi miguu haitulii. Anayependa kusikia sauti zikipandana ataona kiu yake haijakatwa vizuri hapa, lakini anayependa muziki wa bendi atawaona wale wawili wengine wametulia mno.

Wanasimulia nini, na kinatufikia?

Statler ni watu wa kumbukumbu. "The Class of '57" unawataja wanafunzi wa darasa moja, mmoja mmoja, na walikoishia: mmoja anauza magari yaliyotumika, mwingine anatengeneza nywele, mwingine ana duka la vyakula. Hakuna aliyekuwa mtu mkubwa, na wimbo hauwacheki. Huo unaingia popote penye shule na ndoto za ujanani. "Bed of Rose's" unamweka kijana asiye na mtu mikononi mwa mwanamke aliyedharauliwa na mji mzima, huku waliokuwa wakienda kanisani wakimwacha barabarani. Sijui jamii ambayo isingejiona humo. Na "More Than a Name on a Wall" wa 1989, wa Fortune na John Rimel, unatusimamisha Washington mbele ya ukuta wa majina ya waliokufa vita vya Vietnam. Mama anakaribia, maua mkononi, anatoa kalamu na karatasi, anainua macho juu na kuanza kumwombea mwanawe. Mwandishi hasemi neno kuhusu siasa za vita ile. Kwangu ndio wimbo mkubwa kuliko wote uliotoka kwa makundi haya matatu.

Upungufu wa Statler ni kwamba nyimbo zao nyingine zimefungwa kwenye utoto wa Marekani. "Do You Remember These" ni orodha ya vitu na vipindi vya enzi zao, na "Whatever Happened to Randolph Scott" unalilia waigizaji wa zamani wa filamu za cowboy. Usipovijua vitu hivyo, utafurahia sauti tu.

Oak Ridge, kwa kuwa walikusanya kalamu nyingi, hawana simulizi moja. Leo wanakupa baa na mwanamke anayepiga tari, kesho msichana aliyetoroka nyumbani na msafiri na kumwacha mama yake akilia, keshokutwa shukrani kwa watoto. Hiyo ndiyo raha yao, na pia ndiyo sababu huwezi kuwasikiliza ukahisi umewafahamu wao kama watu. Lugha yao ni nyepesi kuliko ya wote, na viitikio vinashikika hata kwa asiyejua Kiingereza vizuri.

Alabama wanaimba kazi, familia na nyumbani. Kwenye "Roll On" baba ni dereva wa trela, mama na watoto wanangoja, lori linakutwa limeacha njia kwenye theluji kule Illinois na dereva haonekani. Usiku unapita kwa maombi hadi simu inapolia, na ni yeye mwenyewe. Familia za madereva wa Mombasa hadi Kampala, au wa Dar es Salaam hadi Tunduma, hazihitaji kuelezwa usiku ule. "40 Hour Week" unawashukuru wafanyakazi kwa kutaja mahali pao: Detroit kwenye magari, Pittsburgh kwenye chuma, Kansas kwenye ngano, West Virginia kwenye makaa ya mawe. "Song of the South" ni wakulima wa pamba wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, hadi baba anapopata ajira na kununua mashine ya kufulia, kisha gari.

Jambo moja lazima lisemwe wazi. Kusini ya Marekani wanayoiimba Alabama ni Kusini ileile ya utumwa na ubaguzi, na baadhi ya majalada ya albamu zao za mwanzo yana bendera ya Shirikisho la majimbo yaliyopigana kuutetea utumwa. Msikilizaji Mwafrika ana haki ya kusita hapo. Nyimbo zenyewe hazihubiri chuki, nami nazisikiliza, lakini sitamlaumu anayezipita kwa sababu hiyo.

Pa kuanzia

Kwa Statler, mkusanyiko wa "The Best of The Statler Brothers" wa 1975 una vibao vyao vingi vikubwa vya hadi mwaka huo, vya DeWitt na akina Reid. Usiishie hapo, kwa kuwa Fortune hayumo kabisa. Zitafute nyimbo zake nne nilizozitaja moja moja. Kundi lilistaafu 2002, kwa hiyo kilichopo ndicho hicho.

Kwa Oak Ridge, albamu ya "Fancy Free" ya 1981 ndiyo yenye "Elvira" na wimbo uliobeba jina la albamu, ulioandikwa na Jimbeau Hinson na Roy August. Baada yake rudi nyuma hadi "Y'all Come Back Saloon".

Kwa Alabama, anza na "Mountain Music" ya 1982, kisha "Roll On" ya 1984. Siku ukitaka kitu cha utulivu, fungua "Angels Among Us" wa Becky Hobbs na Don Goodman, wenye sauti za watoto.

Kulingana na hali yako

Unaongoza kwaya au kikundi cha sauti nne na unatafuta mfano wa kujifunzia: chukua Statler. Kila mwimbaji wako atamsikia mwenzake wa sauti ileile waziwazi, na ala hazitamchanganya. Ukiwa na besi mwenye koo la kweli, mpeleke kwa Sterban baada ya hapo.

Unaandika nyimbo mwenyewe: Statler kwa ajili ya kusimulia, hasa "The Class of '57" na ule wa ukutani, uone jinsi jina la mtu na kazi yake vinavyotosha bila maelezo. Ila kama unaandikia waimbaji wengine, hao ni Oak Ridge. Weka rekodi ya Dallas Frazier ya "Elvira" karibu na ya kwao na usikilize kilichobadilika.

Una sherehe, wageni wa rika zote, na wengi hawafuati maneno: Oak Ridge.

Uko barabarani saa nyingi, au una mtu wako aliyeko barabarani: Alabama, na "Roll On" iwe ya kwanza.

Umetoka kwa Don Williams na Kenny Rogers na hutaki kubadilika ghafla: Alabama pia, kupitia McDill na Schlitz. Kama ulichompendea Don Williams ni ule upole wa sauti kuliko maneno, Jimmy Fortune atakuwa karibu zaidi nawe.

Umefiwa na unatafuta wimbo wa kukaa nao: "More Than a Name on a Wall" ikiwa unaweza kuuvumilia, "Angels Among Us" ikiwa bado ni mapema mno.

Unajifunza Kiingereza kwa nyimbo: anza na Oak Ridge kwa viitikio vyao, nenda kwa Alabama kwa hadithi zinazofuatana, na Statler uwaache wa mwisho. Ukifika kwao, tafuta maneno ya wimbo yaliyoandikwa, uyasome kwanza, kisha ndipo usikilize.